Kifuniko Kilichonyooshwa

Mjomba wangu hana mpinzani kwa kutengeneza vitu vilivyoharibika, na ndiyo sababu tulishindwa kesi. Nalisema mapema, ili mtu asije akanisikiliza mpaka mwisho akitegemea mambo yatanyooka. Hayanyooki. Kilichonyooka ni kifuniko peke yake.

Tunamwita Mjomba Gundi. Jina alilopewa na baba yake analijua yeye na kitambulisho chake. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kimejaa nyundo za kila umbo, na humo amefufua majiko, pasi, taa, vitanda vya chuma, hata meno ya bandia ya bwana mmoja ambaye simtaji kwa kuwa mkewe ni mteja wangu. Nyumbani kwake ana sheria moja: kitu kibovu hakilali kibovu. Tulipokuwa wadogo, ukivunja mpini wa jembe asubuhi, jioni unalikuta jembe limeegemea mlango na mpini mpya, wala hutukanwi. Mama yetu, ambaye ni dada yake, husema kaka yake alipozaliwa aliona kitovu kimekatwa akataka kukiunga.

Mimi ni fundi cherehani, na nina mdomo. Wateja wananiambia hivyo usoni na bado wanarudi. Mdogo wangu yeye ni maji ya mtungini. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Aliolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, shemeji yangu huyo, mtu ambaye nyumbani huja kama mgeni na mbele ya mama yake hugeuka mtoto wa darasa la kwanza. Walijaliwa binti mmoja. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hafungi domo tangu jua kuchomoza. Alikuwa anaongea na kuku, na ndoo, na viatu vya baba yake. Ukimuuliza jana ulikula nini, anakuanzia juzi.

Na mama wa shemeji, mkwe wa mdogo wangu, ni mwalimu mstaafu, na jina la Mwalimu halikumtoka alipostaafu. Nitamsema sana huyu mama, basi kwanza nimpe haki yake. Si mbaya. Hajawahi kumnyima mkamwana wake kitu. Tatizo lake ni kwamba amesahihisha madaftari maisha yake yote, na anaamini kila jambo duniani lina jibu moja, na mahali fulani kuna mtu mwenye jibu hilo.

Sasa hiyo sufuria. Mdogo wangu alikuwa anapika maharage na kuwauzia wafanyakazi wa kiwanda cha matofali. Maharage ni kula mkaa, kila mpishi analijua hilo. Siku moja ikaja gari sokoni, ina spika juu, imeletwa na kampuni, na wasichana wenye fulana za rangi moja wakaweka jiko mbele za watu wakapika. Sufuria za presha. Zenye kifuniko kinachojifunga kwa komeo, na filimbi juu inayopiga mluzi mvuke ukijaa. Maharage yaliiva watu bado wanashangaa. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke anacheka, meno yote nje, mtoto wake amemkumbatia kiunoni. Mdogo wangu alinunua mbili. Moja yake, nyingine akampelekea mkwe wake zawadi, na Mwalimu alifurahi hata akawaonyesha wenzake wa kanisani. Nilimtania mdogo wangu nikamwambia mkwe hununuliwa kanga, wewe umemnunulia garimoshi.

Zilipika vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu asubuhi moja mdogo wangu alikuwa anaosha vikombe dirishani, ameipa sufuria mgongo, na Chiriku amekaa mlangoni mwa jiko anamsimulia mwanasesere wake habari ndefu. Filimbi ilikuwa inapiga kama kawaida. Kisha ikanyamaza. Mdogo wangu anasema aligeuka kutazama kwa nini imenyamaza, na hakuwahi kumaliza kugeuka. Kifuniko kilipiga bati la paa. Maharage yakamfuata mtoto.

Shingo, bega na mkono wote wa kushoto. Sitaki kueleza zaidi, niliyoyaona wodini yananitosha mwenyewe. Mdogo wangu naye aliungua mgongo lakini hakuna aliyejua mpaka nesi alipoona gauni limegandia, maana yeye alikuwa hata hajali. Chiriku alipona. Tunashukuru, na tunaambiwa kila siku tushukuru. Lakini alitoka mle wodini haongei. Ukimuuliza anaitikia kwa kichwa.

Siku ya kuruhusiwa, Mwalimu alikuja na teksi. Alimbeba mtoto mwenyewe, kwa uangalifu, akamwambia mdogo wangu kwamba Chiriku atakaa kwake kwanza. Hakupiga kelele. Alisema sufuria ile anayo yeye pia, na haijamfanya kitu, na kwenye maelekezo imeandikwa usifungue kabla mvuke haujaisha. Kwa hiyo ama sufuria ni mbovu, ama mtu aliifungua. Mdogo wangu akamwambia, mama, sikuigusa. 

"Sisemi umeigusa," Mwalimu akasema. "Nasema ijulikane. Ikijulikana ni sufuria, nitakuletea mwanao kwa mikono yangu na nitakupigia magoti. Mpaka hapo, mtoto hatakaa nyumba ambayo haijulikani kilichomuunguza."

Tena ili awe wa haki, alikwenda nyumbani akaichukua sufuria yake mwenyewe akaiweka juu ya kabati la chumbani, imefungwa kwenye kitambaa. Alisema na hiyo haitashuka mpaka ijulikane. Shemeji alipigiwa simu yuko njiani na lori. Akasema mama ameamua vizuri. Nilimwambia shemeji maneno ambayo nikiyarudia hapa mama yangu atanitafuta.

Basi jambo lilikuwa hilo moja tu. Ijulikane ni sufuria, mtoto arudi.

Sasa rudi nyuma kidogo, siku tulipokuwa bado wodini, hata hatujui kama mtoto atapona. Mjomba Gundi alipita nyumbani kwa mdogo wangu kuangalia kama mlango umefungwa. Akakuta jiko limepinduka, ukuta umetapakaa maharage, sufuria imelala pembeni na kifuniko kimejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mtu mwingine angefunga mlango akaenda zake. Mjomba yeye aliosha ukuta. Akanunua bati jipya dogo akaziba tundu la paa. Kisha akaipeleka sufuria kibandani kwake, akakinyoosha kifuniko, akaona komeo limekatika, akachonga jingine la chuma kigumu, akabadilisha mpira, akaisugua kwa mchanga laini mpaka ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Akaileta hospitali kwenye mfuko.

Namkumbuka amesimama kwenye korido na ule mfuko, amevaa shati lake la msibani. Alisema, "Mwanangu, nimeona usije ukarudi nyumbani ukaikuta vile." Mdogo wangu akaipokea akalia, na kilikuwa kilio cha kwanza kilichomtoka tangu siku ile. Mama alimshukuru kaka yake. Mimi pia nilimshukuru. Nani angefikiria vingine? Kwetu mtu akiumia, majirani wanamfulia, wanampikia, wanamtengenezea kilichovunjika. Hatujui kupiga uzio kwenye msiba ili pasiguswe.

Aliyetufungua macho ni Wakili. Ni binti mdogo, anafanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa sheria juu ya duka la dawa, ana meza yenye mguu mmoja umewekewa matofali. Aliniletea gauni la kupunguza kiuno, maneno yakazaa maneno, nikamsimulia. Aliacha hata kujipima. Akasema kuna sheria. Akasema mtu akiuza kitu kibovu kikaumiza watu, anajibu. Akasema hata mkubwa wa kampuni anaweza kuitwa asimame mbele ya hakimu aulizwe. Nilimsikiliza nikajihisi nimekua urefu. Aliuliza mara moja tu kama sufuria bado tunayo. Nikamwambia tunayo, tena nzima kabisa.

Nilivyosema "nzima kabisa" alikunja uso. Alikuja nyumbani kesho yake. Mdogo wangu akaitoa sufuria kabatini, inametameta, akaiweka mezani kwa fahari kidogo. Wakili akakaa chini. Akauliza nani ameisafisha. Tukamwita Mjomba, naye akaja mbio, akaanza kueleza kwa furaha kila alichofanya, kifuniko, mpira, komeo, na kadiri alivyoeleza ndivyo yule binti alivyozidi kuinamisha kichwa. Mwisho akamuuliza lile komeo la zamani liko wapi.

Mjomba akacheka. Akasema lile si komeo, lilikuwa linakunjika kwa vidole, ukilipasha moto linalegea. Alikuwa ameliyeyusha pamoja na mabati mengine, ametengenezea vishikio vya majiko.

Wakili alimweleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa majibu. Kwamba lile komeo ndilo lililokuwa shahidi wetu. Sasa halipo. Na kifuniko kilivyojikunja kilikuwa kinaonyesha kama kimetoka kwa nguvu ya mvuke au kimefunguliwa kwa mkono, na sasa kimenyooka, hakionyeshi kitu. Mjomba aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa sababu uso wake ulikuwa bado haujapata habari. Kisha akauliza kama akikikunja tena itasaidia.

Nilimkasirikia. Niseme kweli, nilimkasirikia hata nikapita kibandani kwake bila salamu, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua. Halafu hasira ikanigeuka, kwa sababu tulianza kutafuta watu wengine walioumizwa na zile sufuria. Wakili alisema wakipatikana wengine, na vyombo vyao vikiwa havijaguswa, kesi ina miguu. Nikafunga cherehani tukazunguka naye mitaani. Na tuliwapata, tena bila shida. Mwenye kovu kifuani, mwenye ukuta uliopasuka, mwenye kidole kilichobaki nusu. Tukiwauliza sufuria iko wapi, majibu ni yale yale. Mume wangu aliigonga gonga ikakaa sawa, huyu anasema. Nilimpa fundi. Nilimuuzia wa chuma chakavu. Tunaitumia kuwekea maji ya kuku. Hakuna hata mmoja aliyeacha kitu kimelala kibovu. Kumbe hatukuwa na Mjomba Gundi mmoja. Mji mzima ni Mjomba Gundi. Na kampuni ilikuwa inalijua hilo kabla yetu, naapa ilikuwa inalijua.

Mmoja tu, muuza chai wa stendi, ndiye aliyekuwa na kifuniko chake kama kilivyoruka. Kilikuwa kimekwama juu ya mti nyuma ya nyumba yake na mumewe ana uvivu wa kupanda. Tulimbariki yule mume mvivu. Wakili akakipiga picha kikiwa mtini, akamwandikisha muuza chai kuwa shahidi, akasema msikiguse mpaka nije na mtaalamu. Muuza chai alituapia. Alinivutia kando akanionyesha kovu lake, akasema dada, mimi nitasema yote.

Mtaalamu alipopatikana, mti ulikuwa mtupu. Ndani kwa muuza chai kulikuwa na jiko jipya la gesi na sufuria mpya, bado ina boksi, yule mwanamke bado anacheka. Watu waungwana sana walikuja na gari, alisema, wakampa pole, wakalipa na dawa zake, akatia sahihi kwamba hana neno nao tena na hatazungumza. Alikuwa hanitazami. Sikumtukana. Ana watoto, na chai haiuziki ukiwa umelazwa. Nilimuuliza tu kama hiyo mpya ataipikia, akasema ataiuza. Atamuuzia nani, sikumuuliza.

Kwa hiyo siku ya kesi tulikwenda na sufuria yetu inayong'aa, na Mjomba.

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye feni inayozunguka ikilia. Mwalimu alikuja, akakaa benchi la nyuma, pochi yake mapajani, kama anakagua darasa la mtu mwingine. Mkubwa wa kampuni hakuja. Alikuja wakili wake, baba mmoja mpole, sauti yake ya chini, aliyempisha mama yangu mlangoni na kumwita mama. Nilitegemea kumchukia. Huyu baba alimuuliza mdogo wangu maswali machache tu. Kama alikuwa peke yake jikoni. Ndiyo. Kama kuna mtu mzima mwingine aliyeona. Hapana. Kama siku ile alikuwa na haraka ya kuwapelekea watu chakula. Na mdogo wangu, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumsaidia, akasema haraka ilikuwepo, haraka ipo kila siku.

Kisha akamwita Mjomba. Alimpa kiti, Mjomba akakataa akasimama. Akamkabidhi sufuria aishike, akamwomba aionyeshe mahakama sehemu alizozitengeneza, na Mjomba akazionyesha moja moja, kwa sababu ameulizwa, na kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtaka aone haya kwa kazi yake.

"Kwa hiyo komeo hili si letu," yule baba akasema.

"Si lenu. La kwenu lilikuwa bovu."

"Liko wapi, mzee wangu?"

Mjomba akamtazama mdogo wangu. Mikono yake ilikuwa bado imeishika sufuria kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Nimeliyeyusha," akasema. "Sikujua. Mtoto alikuwa anaumwa, nikaona nifanye kitu."

Yule baba akamshukuru. Akamwambia hakimu kwamba hana swali zaidi, na kwamba kampuni inampa pole mama huyu, lakini haiwezi kujibu kwa chombo kilichofunguliwa, kikagongwa na kufungwa upya na fundi wa mtaani. Wakili wetu alisimama akapigana, siwezi kumsema vibaya. Alisema kuhusu muuza chai, akaambiwa shahidi hayupo. Alionyesha picha ya kifuniko mtini, akaulizwa kifuniko chenyewe kiko wapi, na yule baba mpole aliinama akawa anafuta miwani yake.

Hukumu ilisomwa wiki nyingine. Hakimu alisema haikuthibitishwa kwamba sufuria ilikuwa na kasoro ilipotoka kwa muuzaji. Alisema pia kwamba kwa ushahidi uliopo haiwezekani kuondoa uwezekano kwamba mtumiaji aliifungua kabla ya wakati. Tukarudishiwa chombo chetu kwenye mfuko ule ule wa Mjomba.

Nje kwenye ngazi Wakili alimwendea Mwalimu, macho mekundu, akamweleza kwamba haikuthibitishwa si sawa na kusema mama wa mtoto ana kosa. Kwamba hakimu hakusema aliifungua. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akampigapiga mkono.

"Mwanangu, mimi nimefundisha hesabu," akasema. "Jibu lisilo na njia halipati alama."

Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni na ule mfuko. Akauliza kama anaweza kumwona Chiriku siku hiyo tu. Mwalimu akasema atafikiria.

Alifikiria, kisha akaja kwetu mwenyewe kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha wateja katikati ya vitambaa vyangu, na akasema alichokuja kusema. Mtoto ameanza tena kuongea, kidogo kidogo. Na anachouliza ni kimoja: nani aliniunguza. Yeye kama bibi hawezi kumwambia ni sufuria, maana mahakama imesema si sufuria, na hatamfundisha mtoto jambo ambalo halikuthibitika. Mtoto anahitaji ukweli mmoja ashike, asamehe, aendelee. Basi mama yake aje akiri kwa mdomo wake, mbele ya mtoto, aombe msamaha, na tangu siku hiyo aje kila Jumapili amwone. Polepole, Mungu akipenda, mtoto atarudi hata kulala kwake.

Nilikata uzi kwa meno ili nisiseme. Nikashindwa, nikasema. Nikamwambia, Mwalimu, unamtaka mtu akiri kosa ambalo hakulifanya ili umpe mwanawe mwenyewe kwa vipande vya Jumapili? Akanijibu bila hasira kwamba kama hakulifanya, alipewa nafasi ya kulithibitisha mbele ya hakimu. Na mdogo wangu, aliyekuwa anashona vifungo pale chini, akasema, "Nitakuja, mama."

Tuligombana hujapata kusikia. Yaani mimi niligombana, yeye alishona vifungo. Nilimwambia ukishakiri hutaweza kulifuta. Nilimwambia yule mwanamke wa kwenye boksi atakucheka milele. Alinisubiri niishiwe pumzi, akasema, "Dada, anaongea. Mwalimu amesema anaongea, na mimi sijamsikia."

Jumapili tukaenda. Mwalimu alikuwa ameandaa chai sebuleni, viti vimepangwa. Chiriku alikuwa amekaa karibu na bibi yake, gauni la mikono mirefu na joto lote lile, amekua, amenyamaza. Mdogo wangu akapiga magoti kwenye mkeka ili macho yao yalingane.

"Ni mimi niliyefungua sufuria," akasema. "Nilifungua kabla haijaisha mvuke. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto akamtazama sana. Akanyoosha mkono ule mzima akamgusa shavu, kama anayehakikisha ni yeye.

"Usirudie," akasema.

"Sirudii."

Nilitoka nikaenda kusimama uani kwenye kamba ya nguo. Mwalimu alinifuata baadaye akaniletea kikombe changu, macho yamemlowa, akaniuliza kama nimeona jinsi mtoto alivyotua mzigo. Na kweli nilisikia ndani Chiriku ameanza kuongea, anamsimulia mama yake habari ya paka wa jirani, anaanzia juzi. Nilisikia mdogo wangu anacheka. Nikasema moyoni, labda mimi ndiye mjinga. Labda uongo huu umetengeneza kitu.

Wiki ile nilimpitia Mjomba nimpe habari, nikidhani zitamchangamsha. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake kwenye kiti ambacho mguu mmoja umevunjika, amekiegemeza ukutani ili kisianguke. Nikamuuliza mbona hajakitengeneza. Akasema, "Kiache kilivyo. Unajua lini watakihitaji?" Pembeni taa ya mkewe ilikuwa na kioo kilichopasuka, na ilikuwa na vumbi la siku nyingi.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza tena mdogo wangu. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea, na njiani alikuwa ananieleza jinsi atakavyomwomba Mwalimu mtoto aje kulala, hata mara moja tu. Tulipofika kwenye ngazi ya mlango nikausikia mluzi. Mdogo wangu naye aliusikia, maana alisimama mguu mmoja hewani.

Mwalimu alitufungulia akiwa na aproni, uso wake umechanua.

"Nimeishusha kabatini," akasema. "Zawadi yako. Nilikuwa naiogopa bure miezi yote hii, kumbe ni kufuata maelekezo tu. Karibuni, maharage yanakaribia."

Chiriku alikuwa mkekani, mlangoni mwa jiko, na mwanasesere wake. Nyuma yake niliiona ile sufuria juu ya moto, pacha wa ile iliyoko chini ya meza yangu ya kukatia, ila hii bado ina komeo lao la kampuni. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana hata kucha zikaingia. Tulitazamana. Nami nikaelewa alichoelewa yeye kabla yangu: akisema sufuria ile ni mbovu, basi Jumapili iliyopita alimdanganya mtoto, na mlango huu unafungwa. Na nikisema mimi, nimesema kwa niaba yake. Na nani angetuamini? Hakimu amesoma, na mwenye kosa amekiri kwa magoti.

Akaniachia. Akavua viatu, akapita sebuleni akiitikia salamu, akaenda kuketi chini pale mlangoni mwa jiko, kati ya moto na mtoto, ameupa moto mgongo wake, ule ule wenye makovu. Akampakata Chiriku, akamvuta kichwa chake kifuani akakifunika kwa mkono. Akamwomba amwonyeshe mwanasesere anavyosukwa.

"Mama," Chiriku akasema, "usiiguse."

"Siigusi."

Mwalimu aliwatazama akatabasamu, akaniambia tuwaache wazoeane. Nikakaa kwenye kochi. Filimbi ilikuwa inapiga, na kila ilipopunguza sauti kidogo niliona mabega ya mdogo wangu yanajikaza, kisha ikipiga tena yanashuka, na mikono yake haikuacha kusuka. Maharage yalichukua muda wake. Yalipoiva Mwalimu aliitoa sufuria motoni, akasubiri mvuke uishe kama ilivyoandikwa, akafungua, tukala. Yalikuwa matamu, na sote tulishukuru. Wakati wa kuaga, Mwalimu alisema kwa jinsi zilivyo nafuu kwa mkaa, sasa atakuwa anapikia hiyo kila siku.